Namna ya kulinganisha matoleo ya wimbo mmoja wa roki: mfano wa "All Along the Watchtower"

Mabishano mengi kuhusu toleo gani la wimbo ni kali zaidi huamuliwa na kitu ambacho hakuna anayekitaja: ukubwa wa sauti. Wapigie watu rekodi mbili. Ile iliyo juu kidogo, hata kama hawatambui kwamba iko juu, ndiyo watakayosema ina nguvu, ina roho, ina besi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kazi zisizo na utamu (kuhakiki faili, kusawazisha sauti, kuhesabu mizunguko) na hukumu inawekwa mwisho kabisa.

Unalenga kikundi cha watu 3 hadi 6 hapa Lubumbashi: wanamuziki, waimbaji wa kwaya, au wapenzi wa kusikiliza tu. Vifaa ni simu moja yenye rekodi, bafle (spika) moja nzuri au ekuta (spika ndogo za kuvaa masikioni) zenye masikio yote mawili, karatasi, kalamu, na saa inayoonyesha sekunde. Gitaa likiwepo ni bora. Tengeni jioni mbili. Chajini kila kitu mchana, maana umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kulinganisha, mtaanza upya: sikio halikumbuki ukubwa wa sauti wa jana.

Kwa nini wimbo huu? Kwa sababu mifupa yake ni michache. Akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu za gitaa zinazunguka toka mwanzo hadi mwisho, beti ni tatu, na kiitikio hakuna. Kila tofauti unayosikia kati ya toleo na toleo imeletwa na wapigaji, haikutoka kwenye mpangilio wa wimbo. Na sikio lililokulia kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea katika rumba ya Kongo, lina faida hapa, kwa kuwa tayari limezoea kufuata akodi zilezile zikizunguka huku magitaa yakibadilika juu yake.

Hatua ya 1: Chagueni rekodi tano

Wimbo huu umerudiwa na watu wengi mno. Msifungue mlango wote. Tano zinatosha, mradi kila moja iwe na sababu ya kuwepo.

Ya kwanza lazima iwe ya mtunzi. Bob Dylan aliurekodi Nashville tarehe 6 Novemba 1967, ukatoka mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo kwenye albamu ya John Wesley Harding. Wapigaji ni watatu tu: Dylan mwenyewe kwa gitaa kavu, harmonika na sauti, Charlie McCoy kwa besi, Kenny Buttrey kwa ngoma. Unachukua dakika mbili na nusu hivi.

Ya pili ni ya Jimi Hendrix Experience, kundi la mpiga gitaa Jimi Hendrix. Walianza kuirekodi London, studio ya Olympic, Januari 1968, wakaendelea kuiongezea New York, ikatoka mwaka huo kwenye Electric Ladyland. Inafika dakika nne. Hapa kuna jambo la kujua kabla ya kusikiliza: gitaa kavu la nyuzi 12 linalosikika pale lilipigwa na Dave Mason, ambaye hakuwa mwanachama wa kundi, besi aliipiga Hendrix mwenyewe kwa kuwa mpigaji wake, Noel Redding, alikuwa ameondoka studio, na tepu ilihamishwa kutoka mashine ya njia 4 (yaani nafasi nne za kurekodia ala mbalimbali) kwenda ya 12 kisha ya 16, ili kupata nafasi ya magitaa aliyozidi kuyarundika. Unachosikia hakikuwahi kupigwa na watu waliokaa chumba kimoja kwa wakati mmoja. Hilo litakuwa na uzito mkubwa mkifika hatua ya 6.

Ya tatu ni Hendrix huyohuyo jukwaani, kisiwa cha Wight nchini Uingereza, mwisho wa Agosti 1970, akiwa na Billy Cox kwenye besi na Mitch Mitchell kwenye ngoma. Alifariki tarehe 18 Septemba, haikutimia hata wiki tatu.

Ya nne ni Dylan tena, safari hii na kundi la The Band, katika ziara ya 1974, kwenye albamu ya Before the Flood. Ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu hapa mtunzi anaupiga wimbo wake akiwa tayari amemsikia Hendrix, na Dylan mwenyewe amekiri kwamba alianza kuupiga kwa kufuata njia ile. Mkopaji amemfundisha mwenye mali.

Ya tano chagueni wenyewe kati ya mbili. Neil Young aliupiga Madison Square Garden, New York, tarehe 16 Oktoba 1992, kwenye tamasha la kumuenzi Dylan, akisindikizwa na kundi la Booker T. & the M.G.'s. Kundi la U2 liliupiga San Francisco tarehe 11 Novemba 1987, kwenye uwanja wa wazi, bila kiingilio. Rekodi ikatoka 1988 kwenye Rattle and Hum. Kikundi chenye wapiga gitaa kichukue Neil Young. Kikundi cha waimbaji kichukue U2, maana pale mwimbaji anaongeza mstari wake mwenyewe ndani ya wimbo wa mtu.

Mega za intaneti zikiwa chache, anzeni na tatu za kwanza.

Hatua ya 2: Hakikini faili kabla ya kuziamini

Faili ya sauti ya 128 kbps (kipimo cha ubora wa sauti: kadiri kinavyopanda, faili inakuwa nzito) hula karibu MB 1 kwa kila dakika. Ya 320 kbps hula karibu MB 2.4. Rekodi zote tano kwa kiwango cha chini hazifiki mbali na MB 20. Hakuna haja ya kupakua video. Tena video ikishushwa hadi ngazi ya chini kabisa ili kuokoa mega, mara nyingi sauti nayo hushushwa: matoazi yanakuwa kama maji yanayochemka, na mtadhani mpiga ngoma ndiye mbovu.

Mkijaziwa nyimbo kwenye flash na vijana wa kando ya barabara, msiamini jina la faili. Iliyoandikwa "Hendrix live" inaweza kuwa ile ya studio, au ya kundi lingine kabisa linalomwiga. Kipimo cha kwanza ni urefu. Kipimo cha pili ni mwisho: ile ya studio ya Hendrix inafifia taratibu huku bado wanapiga. Jukwaani hakuna kundi linaloweza kufifia hivyo. Lazima wasimame mahali fulani. "Live" inayofifia taratibu bila makofi ina maswali ya kujibu.

Kuna hila nyingine, na hii ndiyo inayopoteza watu wengi. Baadhi ya wanaopandisha nyimbo mtandaoni huziongeza kasi kidogo ili mitambo ya haki miliki isizitambue. Wimbo ukiongezwa kasi, sauti nayo hupanda. Kupanda nusu toni ni sawa na kuongeza kasi kwa karibu asilimia 6. Kwa hiyo wimbo wa dakika 4:00 utaisha kwenye 3:47. Sasa angalieni: rekodi ya Dylan iko kwenye ufunguo (akodi ya nyumbani ya wimbo) wa C#m, ya Hendrix iko nusu toni chini, kwenye Cm. Faili ya Hendrix iliyochezewa namna hiyo itasikika kwenye C#m, na mtu atasema kwa uhakika mkubwa kwamba Hendrix hakugusa ufunguo wa Dylan. Urefu wa faili ungemwambia ukweli mapema.

Mwisho wa uhakiki, someni kama imeandikwa "remastered". Si kosa kuitumia, ila toleo lililosafishwa upya kwa kawaida limepandishwa sauti kuliko la zamani.

Hatua ya 3: Sawazisheni ukubwa wa sauti

Mwenye kompyuta atumie Audacity, ambayo ni ya bure. Fungua faili zote tano, zichague, nenda kwenye menyu ya Effect, tafuta kipengele cha kusawazisha ukubwa wa sauti kinachopima kwa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), uweke −20 kwa zote. Kwa nini −20 na si juu zaidi? Rekodi ya jukwaani ina vilele vikali (pigo la ngoma, kelele za umati), na ukiipandisha sana vilele hivyo vitakatwa na kukwaruza. Ni afadhali zote zikae chini kidogo, kisha mpandishe bafle.

Asiye na kompyuta atumie sikio na ngazi za sauti za simu. Chukueni sehemu ambayo mwimbaji anaimba katikati ya ubeti wa kwanza, katika kila rekodi. Msitumie mwanzo wa wimbo wala solo. Pandisheni au shusheni mpaka sauti ya mwimbaji ikae sawa na ya Dylan wa 1967, kisha muandike ngazi: Dylan 11, Hendrix 9, Wight 13, na kadhalika. Tangu hapo mtu mmoja tu ndiye anayeshika simu, na kila anapobadilisha wimbo anarudi kwenye ngazi iliyoandikwa. Wakiwa wawili wanaoshika, kazi yote imeharibika.

Zimeni kila kitufe kinachoongeza besi, kwenye simu na kwenye bafle. Kisha pimeni kushoto na kulia: kwenye rekodi ya Hendrix magitaa yanatembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hiyo ni sehemu ya utunzi. Bafle ndogo yenye spika moja hukusanya pande mbili kuwa moja na mwendo huo unapotea. Ekuta yenye sikio moja lililokufa ni mbaya zaidi, kwa sababu hairudishi upande wa pili kabisa. Kuna ala nzima utasema haipo. Kama kifaa chenu ni bafle moja, sawa, fanyeni kazi nayo, lakini kwa Hendrix wa studio kila mtu apitishiwe ekuta angalau mara moja.

Hatua ya 4: Chora mzunguko kwenye karatasi

Mwenye gitaa apige Am–G–F–G, kila akodi mapigo mawili. Hayo ni mapigo 8, na huo ndio mzunguko mmoja. Asiye na gitaa aimbe besi yake: la – sol – fa – sol, la – sol – fa – sol. Ukiweka kapo (kibanio cha nyuzi kinachopandisha ufunguo) nafasi ya nne ya shingo, unakaa pamoja na Dylan wa 1967. Nafasi ya tatu, unakaa na Hendrix wa studio. Mwenye gitaa lisilo na kapo, au lililopangwa kwa kusikia tu, asihangaike, aimbe.

Sasa hesabuni. Ubeti mmoja una mistari minne mirefu, na kila mstari unakula mizunguko miwili, kwa hiyo ubeti mzima ni mizunguko 8. Mmoja ahesabu kwa vidole, mwingine aandike. Karatasi iwe na safu hizi: nani, wapi na lini, urefu, ufunguo, kasi, mizunguko kabla ya kuanza kuimba, mizunguko kati ya beti, ubeti gani unaimbwa mara mbili, namna ya kumaliza.

Kwa Hendrix wa studio mtapata hivi: ubeti wa kwanza, kisha gitaa fupi la mizunguko 4, ubeti wa pili, kisha solo ndefu ya mizunguko 16, ubeti wa tatu, halafu gitaa mpaka kufifia. Mkipata hesabu nyingine, rudieni; kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu pale gitaa linapoingia badala ya pale besi inaporudi kwenye la.

Kasi hupimwa hivi: pigeni mguu kwa sekunde 30, zidisheni kwa mbili. Fanyeni mara tatu kwa kila rekodi: ubeti wa kwanza, katikati, na ubeti wa mwisho. Hendrix wa studio yuko karibu na mapigo 113 kwa dakika, na Dylan wa 1967, ambaye watu humdhania mpole, ni wa haraka zaidi yake. Hii hushangaza kila mara. Uzito wa magitaa huifanya rekodi ionekane inakimbia. Mkipata 56 au 57 kwa Hendrix, mnapiga mguu nusu nusu. Zidisheni tena kwa mbili.

Mahali pa hatari ni utangulizi wa Hendrix. Namna akodi za kwanza zilivyowekwa inalifanya sikio lidhani "moja" (pigo la kwanza la mzunguko) iko pasipo pake, kisha ngoma zikitulia mtu anajikuta amepotea. Dawa ni kutoanza na utangulizi. Tafuteni "moja" ndani ya ubeti wa kwanza, ambapo haina utata, muihesabu kwa muda, kisha rudisheni wimbo mwanzo mkiwa nayo mguuni.

Hatua ya 5: Sikilizeni kitu kimoja kwa kila mzunguko wa kusikiliza

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo vikundi vingi hukosa uvumilivu. Kanuni ni moja: rekodi zote tano kwa besi tu, halafu zote tano kwa ngoma tu, halafu gitaa la akompa (linaloshikilia akodi), halafu solo, sauti ya mwimbaji mwisho. Sauti ikitangulia hula usikivu wote, hata kwa asiyeelewa Kiingereza.

Kama kuna ambaye hajawahi kutenganisha ala kwa sikio, apewe zoezi la nyumbani kwanza: "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, aliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Ni gitaa moja tu, lakini kidole gumba kinafanya kazi yake na kidole cha shahada kinafanya yake. Akiweza kukifuata kidole gumba peke yake kwa dakika nzima, yuko tayari.

Besi. Kwa Dylan, besi ya McCoy ndiyo inayotembea zaidi kuliko kitu kingine chochote pale. Gitaa linakaa mahali pamoja, besi inasukuma. Watu wakisema toleo la Dylan ni "tupu", waambieni wasikilize besi tena. Kwa Hendrix wa studio, kumbukeni kwamba anayepiga besi ni mpiga gitaa la solo. Jiulizeni kama inafikiri kama besi au kama gitaa.

Ngoma. Linganisheni Buttrey na Mitchell. Buttrey anabaki kwenye njia yake. Mitchell anajibu kila kitu anachosikia. Kisha linganisheni Mitchell wa studio na Mitchell wa Wight, ambako kundi ni dogo na nafasi ya kujaza ni kubwa.

Akompa. Katika Hendrix wa studio, lile gitaa kavu la nyuzi 12 ndilo linaloshikilia nyumba. Likitoka, kama linavyotoka jukwaani, mnasikia wazi lilikuwa linafanya nini.

Solo. Ile ndefu ya Hendrix isikilizwe peke yake, mara tatu au nne. Inaanza baada ya ubeti wa pili, kwenye dakika ya 1:43 hivi, na inakaa zaidi ya dakika moja. Imegawanyika vipande vinne, kila kimoja mizunguko 4. Kwanza gitaa linaongea kwa noti mojamoja. Pili, sauti inateleza, kwa sababu kitu kigumu kinaburutwa juu ya nyuzi, na mwangwi unairudisha. Tatu, pedali ya wah-wah inaingia, gitaa linafunga na kufungua mdomo. Nne, noti mojamoja zinaachwa na mkono unapiga akodi, kama mpiga akompa aliyejitokeza mbele. Andikeni dakika na sekunde ambapo kila kipande kinaanza. Vipande hivi vinne havina akodi hata moja mpya. La – sol – fa – sol inaendelea chini yake. Mpiga solo wa hapa kwetu aliyezoea kubeba sebene ndefu atauelewa ugumu wake: chini hakubadiliki kitu, kwa hiyo lazima rangi ibadilike juu.

Kwa Dylan nafasi hiyohiyo kati ya beti imejazwa na harmonika. Pimeni kwa mizunguko, msipime kwa hisia. Kwa Neil Young angalieni kama solo zina sura tofauti tofauti au kama ni wazo moja linalozidi kuchemka. Kuna wanaokiona kitu hicho kuwa umaskini. Si umaskini, ni njia nyingine ya kushughulikia mzunguko usiobadilika, na ngumu kwa namna yake.

Hatua ya 6: Rekodi ya jukwaani inasikilizwa kwa hesabu ya mikono

Kabla ya kusema kwamba toleo la jukwaani "limepungua", hesabuni mikono. Kwenye studio Hendrix alikuwa magitaa kadhaa, na besi, na sauti. Kule Wight ni mtu mmoja mwenye gitaa moja anayeimba, mpiga besi na mpiga ngoma. Akipiga solo, hakuna akompa. Akiimba, hakuna solo. Kwa hiyo swali lenye faida ni hili: ametupa nini, amebakiza nini? Chukueni orodha ya tabaka za studio (nyuzi 12, besi, ngoma, gitaa la kujaza kati ya mistari, vipande vinne vya solo) na muweke alama kwa kila kilichosalia. Alichokibakiza mpigaji anapolazimika kuchagua ndicho anachokiona kuwa wimbo wenyewe.

Kwenye tamasha lile la Wight, mawasiliano ya redio za walinzi yaliingia kwenye vikuza sauti vyake na kusikika hadharani. Mambo ya namna hii hayahesabiwi kama ubaya wa mpigaji. Tenganisheni safu mbili kwenye karatasi: "mpigaji" na "mitambo". Kukwaruza, sauti ya mwimbaji kuzama, mlio mkali wa mikro, vyote vinakwenda mitambo. Kukosea mzunguko, kasi kupanda bila sababu, kusahau maneno, vinakwenda kwa mpigaji.

Kelele za umati nazo zina kazi yake. Makofi yakilipuka, msikilizaji wa bafle naye hupanda mzuka. Mkitaka kulinganisha solo ya jukwaani na ya studio kwa haki, chagueni sekunde ambazo hazina umati.

Na je, rekodi ya jukwaani ni ya jukwaani kweli? Albamu nyingi za "live" za wakati ule ziliguswa baadaye studio. Dalili za kutafuta: mwimbaji anayesikika mara mbili kwa wakati mmoja wakati hakuna wa kumwitikia, sauti safi isiyo na ngoma hata kidogo nyuma yake, ilhali mikro ya jukwaani hunasa kila kilicho karibu, magitaa matatu pale ambapo wapigaji ni wawili. Dalili moja haitoshi kuhukumu. Zikifika tatu, andikeni alama ya kuuliza.

Hatua ya 7: Maneno, kwa kifupi

Asiyejua Kiingereza asiachwe nje. Hadithi ni hii: beti mbili za kwanza ni mazungumzo ya watu wawili, mcheshi na mwizi, mmoja analalamika na mwingine anamtuliza. Ubeti wa tatu unatuondoa kwao na kutupandisha kwenye mnara wa ulinzi, ambako wapanda farasi wawili wanaonekana wakija. Mwenye Biblia afungue Isaya 21, mstari wa 5 hadi 9, atakuta mnara, mlinzi na wapanda farasi wawili wawili.

Linganisheni mwisho. Toleo la 1967 linaishia kwenye ubeti wa tatu, wapanda farasi wakiwa bado njiani, hakuna kinachotokea. Dylan katika maonyesho yake mengi ya miaka ya baadaye amekuwa akimaliza kwa kuurudia ubeti wa kwanza. Hadithi inageuka duara, na wale wawili wanaanza kulalamika tena. Mtu mmoja asimulie kila toleo kwa Kiswahili kwa mpangilio linavyoimbwa, na wengine waseme hadithi ipi inawabakia.

Hatua ya 8: Kura

Andikeni kwanza, semeni baadaye. Yaya (kaka au dada mkubwa) au mzee wa kikundi akitangulia kutoa maoni, wadogo watamfuata kwa heshima, na mtabaki na kura moja iliyozidishwa mara tano. Karatasi zikikusanywa, wa umri mdogo ndiye asome kwanza.

Msipeane alama juu ya kumi. Ulizeni maswali yanayolazimisha kuchagua: kama rekodi moja ingefutika, ipi wimbo usingeumia? Ipi ungemfundishia mtu asiyeujua wimbo? Ipi imebadilisha kitu ambacho wengine wote baadaye wamelazimika kukijibu? Kwa swali hili la mwisho msishangae wote wakiandika Hendrix wa studio. Hata mtunzi alijibu hivyo kwa gitaa lake mwaka 1974. Kwa swali la pili, mara nyingi Dylan wa 1967 hushinda, na kwa haki, kwa sababu pale mifupa yote inaonekana.

Badilisheni mpangilio wa kupiga. Rekodi inayopigwa mwisho huwa na upendeleo kwa kuwa bado iko sikioni. Jioni ya pili anzeni na ile iliyomaliza jioni ya kwanza.

Hatua ya 9: Jaribio lenu

Kama kuna wapigaji, pigeni toleo lenu na muliweke kwenye karatasi ileile kama la sita. Anzeni Am bila kapo, mpandishe kwa kapo kufuata mwimbaji. Kama mna magitaa matatu, gawaneni tabaka za Hendrix kwa utaratibu wa rumba: akompa achukue kazi ya nyuzi 12 na asiiache, mi-solo (gitaa la kati, kati ya akompa na solo) ajaze mwisho wa kila mstari, si katikati yake, solo akae kimya mpaka ubeti wa pili uishe. Kosa la kwanza litakalotokea ni solo kupiga juu ya mwimbaji. La pili ni kasi kupanda kuanzia solo, kwa kuwa mpiga ngoma anasisimka. Besi ndiyo ya kumzuia, kwa hiyo mpiga besi asimame karibu na ngoma aione kanyagio ya mguu. La tatu ni kumaliza ovyo. Kubalianeni kabla: mizunguko mingapi baada ya ubeti wa mwisho, nani anatoa ishara, na kusimama iwe juu ya la, wala si sol.

Kurekodi, simu ikae mita 2 hadi 3 kutoka kwa kundi, kimo cha sikio, juu ya kitu kisichotetemeka. Ikiwekwa juu ya bafle au meza ya besi itanasa mtetemo tu. Iwe karibu kidogo na mwimbaji kuliko ngoma. Pigeni kwanza sehemu yenu ya kelele zaidi kwa sekunde 20 na muisikilize kwa ekuta: ikikwaruza, simu irudi nyuma mita moja, halafu mjaribu tena.